Nimepewa ukuta Ng'ambo, lakini sijaambiwa ni wa nani

MUULIZE SHANGAZI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi mabango hapa Mwanza, nina miaka 29, nimeolewa na nina mtoto wa kike wa miaka mitatu. Naandika majina ya maduka, saluni na mabasi, na msimu wa uchaguzi hata usingizi sipati. Miaka miwili hii nimeanza pia kuchora picha kubwa ukutani: shule mbili za msingi, zahanati moja, na upande mmoja wa soko la samaki.

Oktoba niliomba nafasi kwenye residensi ya wasanii Zanzibar. Siyo zile za kujifungia studio ukafanya kazi zako. Hii unakaa mtaani, kwa familia, wiki sita, na unashirikiana na wakazi kupafanya mahali pao papendeze na patumike. Wiki iliyopita wakanijibu nimechaguliwa. Nililia, sikufichi. Nikaisoma barua mara ya pili nikiwa nimetulia, na hapo ndipo maswali yalipoanza.

Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Inasema nitakuwa Ng'ambo, Unguja Mjini, kuanzia Februari 9 hadi Machi 22, 2026. Nitapangiwa familia. Nitapewa ukuta wa mita 14 kwa 3 "katika eneo la jamii". Nitaendesha warsha mbili, moja ya akina mama na moja ya vijana. Uzinduzi ni Machi 14, saa 10 alasiri. "Posho itatolewa." Vifaa ninunue mwenyewe, nitarudishiwa kwa risiti. Nauli haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Akiba yangu ni shilingi 180,000. Mume wangu hajakataa, ila kila nikimweleza ananirudishia swali lilelile: "Huko nani anakupokea?" Nikimjibu "waandaaji", ananyamaza kile kimya chake. Mama mkwe amekubali kubaki na mtoto, lakini anasema mwanamke kwenda kulala wiki sita nyumba ya watu asiowajua si jambo la kusifiwa. Mimi ni Mkristo, na nadhani familia itakuwa ya Kiislamu. Bahari sijawahi kuvuka, nimezoea ziwa tu.

Rafiki yangu mmoja ambaye naye ni msanii ananiambia nisiulize maswali mengi, watampa mwingine nafasi. Ni kweli? Wanataka jibu kabla ya Desemba 20.

Mwenye Brashi, Mwanza

*

Marahaba mwanangu. Hongera, na hayo machozi yalikuwa na haki yake.

Nianze na rafiki yako, maana ushauri wake ndio utakaokuponza. Mwandaaji atakayekufuta kwa sababu umeuliza posho ni kiasi gani, atakuwa amekuokoa na wiki sita za kukopa nauli ya kurudia. Wenye kazi hii huulizwa maswali hayo kila msimu. Barua ya ukurasa mmoja mara nyingi huandikwa na mtu mwenye haraka, wala hana hila. Uliza.

Ila uulize nini kwanza? Labda ulitegemea nianze na pesa. Mimi nimekwama kwenye maneno manne: "katika eneo la jamii". Hakuna ukuta wa jamii, mwanangu. Kila ukuta una mwenyewe.

Zamani nilikuwa mratibu wa mradi wa namna hiyo, katika mji mmoja wa pwani ya bara ambao sitautaja. Tulikuwa na wasanii watano na ukuta mzuri ajabu, umenyooka, unatazama kiwanja wanachochezea watoto. Ruhusa tulimwomba mpangaji wa nyumba, mama mmoja muuza maandazi. Alikubali kwa moyo mweupe, akatupa na maji ya kuchanganyia rangi. Tukachora siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akashuka mzee kwenye bodaboda na begi lake, ametoka Muscat kwa watoto wake. Alisimama mbele ya ukuta kitambo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mmemuuliza nani?" Kesho yake akaja fundi na ndoo ya chokaa, na adhuhuri ilipoadhiniwa ukuta ulikuwa mweupe kama hatukuwahi kufika. Sisi tulipanda basi tukaondoka. Mama wa maandazi alibaki, na mwezi uliofuata akapandishiwa kodi.

Ndiyo maana naanza na mwenye ukuta. Rangi ikikosewa, msanii anaaga, na anayebaki pale ndiye anayelipa.

Sasa Ng'ambo, umiliki wa nyumba si jambo la kumuuliza mtu mmoja ukamaliza. Mji wenyewe uliitwa hivyo kwa kuwa ulikuwa ng'ambo ya mkondo wa maji ulioutenganisha na Mji Mkongwe. Mkondo ulifukiwa, leo ni Barabara ya Mkapa, na wazee bado wanaiita Creek Road. Watalii hupiga picha upande ule, wenye mji wengi hulala upande huu. Kuna nyumba za urithi zenye warithi kumi, nusu wako Dar na Oman. Kuna za wakfu, na hizo zina kamisheni yake. Kuna majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na huko ukuta wa nje si wa yule anayeanika nguo dirishani. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa waandaaji liwe na vipande vitatu: ukuta ni wa nani, nani ametoa ruhusa, na je, ruhusa hiyo imeandikwa? Wakikujibu "tumeshazungumza na vijana wa maskani", jua bado hawajazungumza na mtu.

Mumeo naye, mwanangu, anauliza swali hilohilo kwa maneno mengine. Wewe umedhani ni wivu, au ni kukukatisha tamaa. Mimi nimemsikia akiuliza swali la mtu mzima. "Waandaaji" si jibu, kwa sababu waandaaji si nyumba. Zanzibar jibu lipo na lina cheo: sheha. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala mtaani, ina wake, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na mgeni anayekuja kulala mtaani hupelekwa kwake aandikwe. Usilione kama usumbufu. Siku mtu atakapouliza "huyu dada wa bara anayepanda ngazi ni nani?", sheha ndiye atakayejibu, na jibu lake litazunguka mtaa mzima kabla hujamaliza kuosha brashi.

Basi waombe waandaaji jina la shehia, jina la sheha, na namba ya simu ya mama wa nyumba utakayofikia. Ukiipata, usimpigie peke yako. Kaa na mumeo, weka simu katikati, msalimie, jitambulishe. Kisha mpe mama mkwe simu. Akina mama wawili wakishaulizana habari za nyumbani na za watoto, hilo la "watu asiowajua" litakuwa limekwisha bila wewe kubishana na mtu. Mumeo naye aongee na mzee wa nyumba, au kaka mkubwa, yeyote aliyepo. Kama waandaaji hawawezi kukupa namba hiyo wiki nne kabla ya safari, maana yake familia haijapatikana. Hapo ninyi wote mna haki ya kusita.

Kalenda ya hao watu imenichekesha, halafu ikanisikitisha. Ramadhani ya 2026 inatarajiwa kuanza Februari 18 au 19, mwezi ukiandama. Utakuwa na siku tisa za kawaida, kisha mwezi mzima wa mfungo, kisha Idd karibu na Machi 20. Sasa nenda kwenye huo uzinduzi wao: Machi 14, saa 10 alasiri. Saa hiyo, mwanangu, Ng'ambo nzima iko jikoni. Mama anakuna nazi ya muhogo, binti anachoma kaimati, mtoto ametumwa ndimu kwa mara ya tatu, na baba yuko Darajani anatafuta samaki kabla hawajaisha. Utawazindulia paka.

Usiwaambie wamekosea. Waambie una pendekezo. Moja ni kuzindua usiku baada ya tarawehe, saa 3 au saa 4, mtaa unapokuwa macho na watoto wako nje. Mtahitaji taa mbili tatu na nyaya za kutosha. La pili, ambalo mimi ningelipenda zaidi, ni siku ya pili ya Idd. Watoto wamevaa nguo mpya wanaelekea viwanja vya Mnazi Mmoja, watu wanatembeleana, kila mtu anapita, na mwenye kupita atasimama. Ukilichagua hilo, omba tarehe yako ya kuondoka isogezwe siku mbili tatu, kwa kuwa Idd huamuliwa na mwezi, haingoji boti yako.

Mfungo utabadilisha na kazi. Wewe hufungi, lakini vijana watakaokusaidia wanafunga, na kijana mwenye swaumu hapandishwi ngazini saa 8 mchana. Panga kazi ya rangi kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi, muda ambao hata ukuta haujawa moto. Kuta zinazopigwa na jua la Februari hukausha rangi kwenye brashi kabla hujavuta mstari, hilo unalijua kuliko mimi. Na usijiachie ukidhani utamalizia mwishoni: kuanzia katikati ya Machi masika inaweza kuingia wakati wowote. Ukuta uwe umekamilika kufikia Machi 10. Mchana usile wala kunywa barabarani, Zanzibar hilo si suala la adabu peke yake, linaweza kukufikisha kituoni. Mwambie mama mwenye nyumba mapema kwamba wewe ni Mkristo na ungependa kujua utakula wapi mchana. Atakuonyesha mahali. Jioni, ukikaribishwa futari, kaa ule nao. Huko mezani utajua mtaa kuliko kwenye warsha zako zote mbili.

Haya, pesa. Nitakwenda haraka kwa sababu hapa hakuna falsafa. "Posho itatolewa" haina kiasi, haina tarehe, haina njia ya malipo. Uliza ni shilingi ngapi kwa jumla, inakatwa kodi au haikatwi, na inalipwa lini. Omba sehemu ya kwanza uipate siku ya kufika, ya pili katikati, iliyobaki mwishoni. Ukikubali ilipwe yote baada ya uzinduzi, utakuwa umewakopesha.

Nauli yako ni ya kwenda na kurudi, na njia ni ndefu: kutoka Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Unaweza kushuka Dodoma ukamalizia kwa treni ya SGR, inayofika huko tangu 2024, mgongo wako utakushukuru. Kisha boti, kama saa mbili hivi. Piga hesabu ya kila kipande, pamoja na chakula cha njiani na usiku mmoja wa kulala Dar ukichelewa boti ya mwisho, uwapelekee jumla moja. Na usisahau kwamba kodi ya kibanda chako Mwanza haiendi residensi, wala tumbo la mtoto. Posho ikishindwa kufidia wiki sita za kutoandika mabango, ujue hilo kabla ya kusaini, usije ukaligundulia kitandani kwa watu.

Hilo la kununua vifaa kisha kurudishiwa, kataa kwa upole. Omba masurufu, yaani fedha za matumizi zinazotolewa kabla. Ukuta wako ni mita za mraba 42. Rangi ya maji, lita moja hupaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja ukuta ukiwa laini, na kuta za huko si laini. Kwa mikono miwili ya rangi ya msingi hesabu lita 12 hata 15, yaani ndoo moja ya lita 20 itatosha, kisha makopo ya rangi zako, rola, msasa, tepu, mirunda na mbao za jukwaa. Akiba yako ya 180,000 haifiki hapo, na hata ingefika, ni ya mtoto. Wape makadirio kwenye karatasi, wakupe fedha mkononi au wakafungue oda dukani, nawe urudishe risiti za kielektroniki na chenji. Thina na rangi za kupuliza usizibebe kutoka bara. Ni vitu vya kushika moto, vitakutesa bandarini, na Unguja vinauzwa. Beba brashi zako ulizozoea tu.

Na ukifika, kabla ya lolote, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe kama umeshika unga, hiyo ni chokaa. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe na chokaa, ukuta wake hupumua. Ukiupiga rangi ya plastiki nzito juu, unyevu unabaki ndani, chumvi inapanda kutoka chini, na masika moja tu kazi yako itaanza kubanduka magamba. Ukuta wa saruji hauna taabu hiyo. Ukiwa wa chokaa, tafuta fundi wa mtaani anayejua kuzipaka, umlipe siku mbili tatu akwangue na kuweka msingi. Liandike hilo kwenye bajeti tangu mwanzo. Utapata ukuta unaoshika, na utapata mtu mmoja wa hapo ambaye mkono wake umo kwenye kazi. Ukiondoka yeye ndiye atakayejua rangi ipi ilitumika wapi, naye umwachie makopo yaliyobaki.

Vibali. Mambo ya sanaa si ya Muungano, kwa hiyo usajili wako wa BASATA, baraza la sanaa la bara, kama unao, haukuvushi maji. Zanzibar kuna BASFU, baraza lao la sanaa, sensa ya filamu na utamaduni. Waulize waandaaji kama wamekuombea kibali, na nakala uipate. Kuhusu ukuta, Ng'ambo waulize Manispaa. Ukisikia umehamishiwa upande wa Mji Mkongwe, ambao uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, huko kuna mamlaka yake ya hifadhi na hata rangi ya mlango ina mwenye kuuliza. Usikubali kuhama bila karatasi mpya. Beba kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa wako. Kadi ya bima ya afya uiulizie kama itapokelewa huko. Na uliza bila aibu: nikianguka kutoka kwenye jukwaa, nani analipa hospitali? Mita tatu si ghorofa, lakini zinavunja mkono, na mkono ndio ofisi yako.

Warsha zako nitazisemea jambo moja, na ni la kukuonya. Watu wa Ng'ambo wameshaulizwa. Miaka ya 2010 idara ya mipango miji iliendesha mradi uliokwenda kwa jina la Ng'ambo Tuitakayo, na kabla na baada yake wamepita wanafunzi, watafiti na wenye kamera. Ukienda na karatasi za kubandika ukutani ukawauliza "mngependa mtaa wenu uweje?", watakupa majibu ya heshima waliyowapa wengine, kisha watakuuliza soda ziko wapi. Nenda na kazi ya mikono. Wape akina mama brashi waandike maneno ya kanga wanazozipenda. Wewe ni fundi wa herufi, hicho ndicho ulichonacho ambacho msanii mwingine hana. Maneno yatatoka, na nyuma ya kila neno kuna kisa. Mtaa huo ndio aliokaa Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu, akaenda kurekodi Bombay 1928. Watu hawa wanajua kutunga, hawahitaji kufundishwa. Na tafadhali, usiende na mchoro tayari mkobani. Mlango wa nakshi, kasa na jahazi wakati jua linazama vimeshachorwa kwenye kila ukuta wa hoteli.

Uangalie pia nani anapita wapi. Kwenye mradi wangu mwingine tuliweka benchi la saruji lililopambwa vigae vya rangi kwenye kona ya uchochoro. Lilipendeza, lilipigwa picha. Wiki ya pili nikaona akina mama wenye ndoo wanazungukia njia ya nyuma, ndefu kuliko ile. Benchi lilikuwa limegeuka baraza la wanaume, na hakuna mwanamke aliyetaka kupita mbele ya macho manane kila anapokwenda dukani. Tulidhani tumeongeza mahali pa kukaa. Kumbe kuna waliopungukiwa njia. Siku zako tisa za mwanzo, kaa dirishani kwa mama mwenye nyumba asubuhi na alasiri uangalie tu ukuta wako unapitwa na nani, saa ngapi.

Hakimiliki isikupite. Waandike kwamba mchoro ni wako na wa waliochora nawe, na picha zake zikitaka kuwekwa kwenye kalenda au fulana za kuuza, mtaulizwa. Zanzibar wanaosimamia hayo ni COSOZA, bara ni COSOTA. Na kabla ya kumpiga picha mtoto wa mtu, muulize mzazi, wala si mtoto.

Usiku huu waandikie hivi, na uongeze au upunguze kadiri unavyoona:

"Habari za kazi. Nashukuru sana kwa nafasi, na niko tayari kuja. Ili niweze kuthibitisha kabla ya Desemba 20, naomba kujua: mmiliki wa ukuta ni nani, na nakala ya ruhusa yake, jina la shehia na la sheha, namba ya simu ya mama wa familia nitakayokaa nayo, kiasi cha posho na tarehe za kulipwa, nauli ya kwenda na kurudi, na kama vifaa vinaweza kulipiwa kwa masurufu, makadirio nimeambatanisha. Pia nimeona uzinduzi umeangukia ndani ya Ramadhani, alasiri. Ningependekeza siku ya pili ya Idd. Natanguliza shukrani."

Ukipata majibu ya vitu vitatu vya mwanzo, mengine yatajadilika na unaweza kuthibitisha. Ukipata jibu la posho peke yake na ukuta bado "wa jamii", omba wakuhamishie ukuta mwingine kabla hujanunua tiketi. Ningekuambia hivyo hata kama ungekuwa binti yangu wa kuzaa.

Hilo la bahari lisikukoseshe usingizi. Mtu aliyepanda meli za Ukerewe haogopi saa mbili za boti, kaa nje upepo ukupige na usile chipsi kabla ya kupanda. Zawadi ya mama mwenye nyumba usipeleke dagaa, wanao wao na watakulinganisha. Mpelekee mchele wa Kahama kilo tano, umkabidhi yeye mwenyewe, siku ya kwanza, kabla hujafungua begi lako la brashi.

Shangazi